Gari la Kijapani kwenye Harusi ya Awuor

Safari hii ilianza kwa sababu ya mguu wa baba. Aliteleza njiani kutoka kisimani akavunjika, na daktari wa Migori akamkataza kabisa kupanda gari, ilhali harusi ya mdogo wangu Awuor ilikuwa Homa Bay, mji anakofundisha. Baba hakubishana na daktari. Aliniambia nimletee redio ya kurekodi, akakaa kitandani, akasema baraka zake kwenye kaseti. Alizisema kwa Kiswahili badala ya Dholuo, lugha yetu, maana wakwe zetu ni Wakuria na alitaka wamwelewe neno kwa neno. Alipomaliza alinikabidhi kaseti kwa mikono miwili.

"Nyathina, mtoto wangu," akasema, "leo wewe ndiye mdomo wangu."

Jumapili asubuhi tuliondoka Migori kwa gari la mume wangu, Odhiambo. Miaka hiyo ya tisini magari yaliyotumika Japani yalikuwa yameanza kuonekana kwetu, na hili lake alikuwa amelitoa Mombasa majuzi tu. Katikati ya dashibodi lilikuwa na skrini, maandishi yote ya Kijapani, na ndani yake mwanamke aliyesema jambo kila tulipowasha injini. Sauti yake ilikuwa ya upole. Hatukuelewa hata neno moja. Mimi nilimwita mke mwenzangu. Odhiambo alikuwa akimjibu, "Sawa, madam," tunacheka, tunaendelea.

Baada ya Awendo, katikati ya mashamba ya miwa, Odhiambo aliniambia, "Mama Akinyi, hebu leta hiyo kaseti tumsikie mzee."

"Wacha. Hiyo si ya kuchezea."

"Kidogo tu. Je, kama haikurekodi?"

Hapo aliniweza. Nilimpa, akaisukuma, gari likaimeza. Skrini ikageuka buluu, yule mwanamke akatoa maelezo marefu, kisha kimya. Kaseti haikucheza wala haikutoka. Tulisimama kando ya barabara tukabonyeza kila alama tuliyoiona. Tulipata upepo wa moto miguuni. Tulipata televisheni yenye chenga tupu. Sauti ya baba hatukuipata.

Rongo tulitafuta fundi wa redio. Alikuja na bisibisi, akainama, akagonga dashibodi kama daktari anayepima kifua.

"Hii nafungua yote, nakata waya, naitoa," alisema.

"Kaseti itatoka nzima?"

"Kutoka itatoka, mama. Nzima, hapo siwezi kuapa."

Odhiambo alinitazama. Niliona afadhali baraka zibaki zimefungiwa kuliko zikatike vipande vipande. Nilimshukuru fundi, tukakata kona ya kwenda Homa Bay. Odhiambo hakuzima injini tena, akiogopa kuharibu zaidi. Hakuna aliyecheka mpaka tulipoliona ziwa.

Homa Bay tulikuta ibada imemalizika na watu wanapigwa picha mlangoni mwa kanisa. Nilimvuta Awuor kando, katika gauni lake jeupe, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza, kisha akaangua kicheko.

"Dada, kwani hujui nafundisha na nani?"

Akamwita mwalimu Keiko, Mjapani aliyekuwa akifundisha hesabu shuleni kwao, aliyekuwa amesimama kati ya wageni na zawadi yake mkononi. Keiko alisalimu kwa Dholuo safi kuliko ya Odhiambo, akaketi kwenye kiti cha dereva, akagusa skrini. Yule mwanamke akazungumza. Keiko akaziba mdomo kwa kiganja.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anaomba diski ya ramani, apate kuwaonyesha njia. Na anasema tafadhali, muendeshe kwa uangalifu."

"Ni hayo tu, siku zote hizi?"

"Ni hayo tu. Ana adabu sana."

Akagusa hapa, akagusa pale, na baba akakohoa ndani ya spika. Niliruka kama mtoto. Lakini Keiko alipoiamuru kaseti itoke, mashine iliguna na kukataa. Ilikuwa imeshiba vumbi letu.

"Basi gari lenyewe liingie harusini," Odhiambo akasema.

Akina mama walisogeza sufuria, vijana wakainua kamba za hema, gari likaingia polepole hadi mbele ya maharusi, milango yote minne wazi. Baba akaanza. Aliwasalimu wakwe kwa majina. Alimwambia bwana harusi kwamba Awuor akinyamaza ndipo aanze kuogopa, na watu wakacheka. Kisha sauti yake ikashuka.

"Wanangu, njia ni ndefu. Kuna siku mtachokana."

Alinyamaza kupumua, na hapo hapo mwanamke wa gari akaingilia kwa Kijapani. Mama mkwe wa Awuor akageuka kumtafuta aliyesema. Keiko alisimama, uso umemwiva.

"Samahani. Anasema mmesafiri muda mrefu, pumzikeni kidogo, halafu mwendelee."

Baba mkwe wake, Mkuria mrefu asiyecheka ovyo, akapiga meza kwa kiganja. "Huyo mama amesema kweli!" Vigelegele vikapaa, na baba, asiyejua lolote, akaendelea kubariki katikati ya kelele.

Jioni, kabla hatujageuza gari, Keiko aliomba kuketi ndani peke yake. Nilimwona kupitia kioo akimsikiliza yule mwanamke, anazima, anawasha, anamsikiliza tena. Aliposhuka aliniambia, "Tangu nije, kila neno nalitafuta kwanza kichwani. Hilo la kwetu limeingia lenyewe."

Njia nzima ya kurudi nililifikiria. Nilikuwa nimemcheka mwanamke yule kila asubuhi bila kuuliza hata mara moja anasema nini, kumbe alikuwa akitutakia safari njema.

Migori tulimkuta baba macho, anasubiri. Nilimsimulia yote, akacheka mpaka akaushika mguu kwa maumivu. Kisha akatulia, akaniuliza kuhusu Keiko.

"Kwao ni mbali?"

"Mbali sana, baba."

"Ana nani hapa?"

Nilimwekea mto chini ya mguu.

"Shule ikifungwa," akasema, "mkamlete. Aje ale kwetu."