Salamu za Hamali wa Al Ras

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, umalize. Mimi nilikuwepo. Ilikuwa Ijumaa saa saba mchana, jua la Agosti linawaka, kwa hiyo usiniambie giza lilinidanganya.

Babu alikuwa amekuja kwetu Rashidiya, hapa Dubai, kutoka Mwanza. Kwenye vita vya Uganda na Tanzania alikuwa upande wa Uganda, ndani ya ndege ya mabomu. Kisa chake tulikijua wote: ndege ikatunguliwa, mwenzake akafa palepale, yeye akafungwa na kupigwa mpaka sikio moja likaziba. Alipoachiwa akaoa Mwanza, hakurudi kwao. Mimi naona haya hata kuomba chumvi mezani, lakini na babu nilikuwa naongea mpaka naambiwa ninyamaze.

Siku hiyo mama alinituma sokoni Al Ras kununua iliki. Maduka yalikuwa yamefungwa kwa swala, nikasimama kivulini. Hamali mmoja, kijana tu, alikuwa amekaa juu ya mkokoteni wake. Akaniita kwa Kiswahili.

"We dada, mbona umesimama kama umeiba? Yalla, kaa."

Sikukaa.

"Mzee wenu hajambo? Lile sikio bado linamsumbua?"

Ungefanyaje wewe? Huku Waswahili tunajuana, nikadhani ni mtu wa Mwanza. Nikasema hajambo, nikiangalia chini kama kawaida yangu. Ndipo nikaona suruali yake imelowa tope jeusi, bichi, na miguu yote miwili imepinda chini ya goti, mahali ambapo mguu haupindi. Tope la wapi, Dubai, Agosti?

"Nisalimie mzee. Mwambie Odongo anamsalimu, na yale maji bado anayasubiri."

Nilipoinua macho palikuwa na mkokoteni mtupu. Niamini.

Ningenyamaza, yangeishia hapo. Lakini kwetu salamu lazima zifike, hata za mtu usiyemjua. Mama alinifundisha hivyo tangu mdogo. Basi tulipokaa kula nikazitoa neno kwa neno, tena nikijisikia vizuri kwamba leo na mimi nina la kusema.

Babu akaweka kijiko chini. Ndege ilikuwa inapita juu ya nyumba, akangoja ipite.

"Miguu yake?"

"Imevunjika, babu."

"Odongo hakufa palepale," akasema. "Nilimwacha kwenye matete, nikamwambia nafuata maji. Waliponikamata wakauliza nani kaachia mabomu. Niliyaachia mimi. Nikasema ni mwenzangu, na ameshakufa. Wangemkuta hai angesema ukweli. Wakati wananipeleka nilimsikia akiita."

"Mzee, khalas," baba akasema. "Watoto wanakula."

Kesho yake babu akaja chumbani kwangu na chupa ya maji. Akaniomba nimpelekee yule kijana. Babu yangu, ananiomba mimi. Nikamwambia, "Mpelekee mwenyewe." Sijawahi kumjibu mkubwa hivyo.

Akaenda kweli. Baba alimkuta Al Ras jioni, amekaa chini ukutani, midomo imepasuka kwa kiu, chupa imejaa, haijafunguliwa. Mahamali walikuwa wanamcheka: kila kijana aliyepita na mkokoteni, babu alimwita Odongo.

Alirudi Mwanza wiki hiyo hiyo. Baba mpaka leo anadai kuna mtu alinipanga nimwaibishe mzee wake, na hataki kusikia habari za tope. Mama akipiga simu ananinyooshea, "Haya, msalimie babu." Naipokea, namsikia anapumua upande wa pili, namrudishia mama simu. Simwogopi yule wa mkokoteni. Namwogopa huyu.

Kwa hiyo sikia. Mtu usiyemjua akikupa salamu za kumpelekea mzee wenu, muulize kwanza walionana wapi, na waliachanaje. Usione haya kama mimi. Mimi nilizifikisha, na babu niliyekuwa naye kabla ya chakula kile sijamwona tena.