Mwaka 2060 mu Cornet ya Karanga

Kama ulitaka kumukasirisha Prof Josaphat Muyisa, kazi haikukuwa nguvu. Ulimuuliza tu: «Prof, ile bitabu yako inasaidiaka nini?» Kisha unakimbia.

Alikuwa anafundishaka physique, ile fizikia, ku université hapa Butembo. Nyuma ya cours alikuwa anaandikaka roman ya science-fiction, maana yake hadisi ya siku zenye hazijafika: batu banatembea ku mwezi, train inapita chini ya milima, mashine inakamata radi. Hapa Butembo! Muji yenye kila mutu anafikiria bitenge, misumari na sabuni. Mutu anaandika mambo ya mwezi, na mu parcelle yake, pale anakaa, hata ampoule moya ya umeme haiwake. Tulimucheka, minasema kweli. Na yeye alitukasirikia miaka makumi mbili bila congé, hata siku moya ya kupumuzika.

Ile kasirani haikuanzia kwetu. Alizaliwa Mutwanga, chini ya Rwenzori, baba yake mwalimu wa kanisa ya Baprotestanti. Mu 1960, wakati ya indépendance, alikuwa na miaka kumi na mbili. Missionnaire wa pale alikimbia na gari moya, akaacha byote. Bakubwa ya kanisa balishindania kitanda na masufuria. Muyisa akachukua longue-vue, ile bomba ya kuangalia mbali, juu hakuna mwenye aliitaka. Kila asubui, mbele mawingu hayajafunika mulima, alikuwa anaangalia barafu kule juu. Akaanza kuandika mu cahier, daftari ya shule: ndani ya barafu kuko batu, nyumba zao ni za kioo, hakuna muzungu, hakuna chef, na hakuna mwenye anakusanya kodi.

Mu 64 ba Mulele, baasi ya ile wakati, bakafika. Balikuwa banatafuta batu ya karatasi: mwenye anajua kusoma, mwenye ana bic ya kuandikia mu mufuko, mwenye ana lunettes ku macho. Baba yake akachimba shimo mu shamba ya mihogo, akafukia cahier pamoja na Biblia. Ba Mulele bakapita, Mungu akasaidia, hakuna mutu alikufa mu ile nyumba. Bakafukua. Muchwa ulikuwa umekwisha kusoma byote.

«Mutoto, tumushukuru Mungu,» baba yake akamuambia. «Tuko bazima.»

«Mungu nitamushukuru,» akajibu. «Lakini muchwa, hapana.»

Alisoma Kisangani, akafundisha huku na kule, kisha akarudia wakati batu ya Butembo balijijengea université kwa matofali yao beneyewe. Labo yake ilikuwa roue ya vélo, ile gurudumu ya baiskeli, ndoo ya maji na kamba. Alizungusha ile roue mbele ya banafunzi na sauti kali sawa ya mutu mwenye anagombeza mbuzi. Batoto balimuogopa, lakini balijua physique.

Basi, 99. Rébellion ilikuwa imetukamata sisi bote. Ilikuwa na sigle moya, zile herufi za jina, kisha ikazaa sigle ingine, na ile ingine ikazaa yake, tukaacha kufuata. Bakubwa yao balikaa Beni. Barabara zinafungwa kila mara, stylo haipatikane, karatasi carbone ndio hata usiseme. Na Prof, mu ile myaka mubaya, njo alimaliza roman yake ya mukubwa. Alitapa page 342 kwa mashine ya kuandika, kidole moya moya, na kwa kukosa carbone alikuwa na copie moya tu mu dunia muzima.

Jina yake ilikuwa *Mwaka 2060*. Mu ile mwaka, unatoka Butembo unafika Beni dakika kumi na mbili, chini ya udongo, viatu bikavu. Na juu ya Mutwanga kuko mashine yenye inakamata radi, inaigeuza umeme, inagawia kila nyumba mupaka Oicha. Mwenye analinda ile mashine ni Commandant Kasonia, na batu elfu mbili, na hawaibe hata kuku.

Jumamoshi moya akasomea banafunzi chapitre, ile sura, ya tisa. Nyuma mu salle kulikuwa mwanafunzi moya wa mupya, viatu bipya, cahier hana. Tulijua bote ni mutu ya sécurité, mupelelezi. Prof peke yake hakujua, juu alikuwa anaangaliaka tableau tu, ule ubao. Ule bwana akaenda kuandika rapport yake: professeur eko na commandant ku mulima, eko na batu elfu mbili, na silaha ya radi.

Jumatatu, saa ine ya asubui, basoda, maaskari ya rébellion, bakaingia mu cours. Roue ya vélo ilikuwa ingali inazunguka. Bakamubeba mupaka Beni, na kitabu.

Yeye mwenyewe alinihadisiaka, miye shofere ya camion, vile afande alimuuliza. Afande alikuwa amekaa na ile page 342 mbele yake, mikono juu ya karatasi, sawa zitaruka.

«Muzee, huyu Commandant Kasonia eko wapi?»

«Hajazaliwa.»

«Usicheze na miye. Hapa umeandika eko na batu elfu mbili.»

«Nabo habajazaliwa.»

«Sasa weye unajua namna gani majina ya batu habajazaliwa?»

«Mimi njo ninabazaa, afande. Njo kazi yangu.»

«Kumbe unakubali ni batu yako!»

Sasa cheka kama unataka, lakini sikiliza. Ule afande alituma basoda tisa ku Mutwanga kutafuta ile mashine. Bakapandisha mulima siku tatu mu baridi, bakala kuku za batu ya pale mu njia, bakarudi banakohoa. Bakasema: afande, hatukuona kitu. Afande akafikiri sana, kisha akasema: «Basi bameificha muzuri.» Na Prof akaongezewa wiki mbili mingine. Nani alikuwa mujinga pale? Ule mwenye anaandika mambo haiko, ao ule mwenye anapeleka batu kuitafuta?

Bakubwa ya kanisa na bacommerçants bakaenda kumulombea atolewe. Afande akakubali, lakini Prof asaini karatasi: *Sitatunga tena commandant bila ruhusa ya autorité.* Akakataa siku tatu. Siku ya ine bakamuambia: bila signature, université inafungwa. Akasaini. Ile bic ilimuumiza kuliko fimbo, na fimbo alikula. Kisha akauliza kitabu yake. Soda wa ku mulango akamutazama: «Kitabu gani, papa?»

Siku ile miye nilikuwa ninapandisha camion ya Hadji Jumaine, bwana wangu ya kazi, na mafuta ya mawese kutoka Beni. Nikamukuta ku barabara, shati moya, amekonda. «Panda, Prof.» Akapanda. Kufika Kimemi, soko ya Butembo, nikasimama, nikamununulia karanga, cornet mbili za karatasi ya kukunjwa, moya yake, moya yangu. Nilifikiri: mutu akitafuna, anapoa. Yangu nikamaliza mbio, karatasi nikatupa mu dirisha. Yeye akatafuna pole pole, akamaliza, akafungua karatasi, sawa vile mutu ya shule anafanyaka: hawezi kuona maandiko bila kuisoma.

«Simamisha!»

«Prof, hapa ku mupando? Gari iko na muzigo...»

«Simamisha, pumbafu weye!»

Nikasimamisha. Akanionyesha karatasi: «Page 118. Train inatoka Butembo. Ni mimi! Ni maandiko yangu!» Kisha akanigeukia polepole. «Na yako iko wapi, Lukumani?»

«Yangu nini?»

«Cornet yako!»

Nikaangalia dirisha.

Tulitelemuka bote, tukatafuta mu kaniveau, ule mufereji ya barabara, na mafuta ya bwana wangu nimeyaacha peke yake. Nikaipata, page 131, nusu mu matope. Tangu siku ile, kila mustari yenye ilipotea mu ile kitabu, ilikuwa kosa ya Lukumani.

Mambo yalikuwa hivi: basoda baliuzisha kitabu kwa kilo mu soko ya Beni, pamoja na ma-rapport na barua zao. Karatasi ikapanda camion, ikafika Butembo mbele ya mwenyewe. Pengine ni miye niliibeba, sikumuambiaka ile.

Akaanza kuitafuta. Mwanaume wa miaka makumi tano, cravate ku shingo, anazunguka soko kwa soko: «Mama, fungua hii. Hapana kuuzisha. Fungua!» Bamama bakafikiri bamemupiga ku kichwa. Akatangaza mu cours: mwenye analeta page moya, point moya, ile alama, ya physique. Ile mwaka, nakuambia, batoto balikula karanga mupaka kuhara. Na muji ikaanza kusoma. Bakliya, banunuzi ya karanga, banafika ku meza: «Mama, unipe yenye iko na train.» Ingine: «Yangu ilikata pale Kasonia anaanguka. Iko na yenye inafuata?»

Unafikiri alifurahi? Alipiga kelele mu soko: «Miaka makumi mbili mulikataa kunisoma bure! Sasa munanisoma na chumvi!»

Mupaka mwanzo ya mvua alikuwa na page 309, zingine na tundu, zote na mafuta. Ilikosa chapitre ya mwisho, ile siku bakubwa ya dunia banakuya kufungua mashine. Na kila mutu alikuwa anasema: ile ilikuwa kwa Kanyere.

Kanyere alikuwa mujane wa upande ya Oicha, vita ilimuleta Kimemi na kikapo ya karanga. Alisoma mupaka sixième primaire, darasa ya sita. Nilimupeleka Prof mimi mwenyewe, saa ya kumi, soko imejaa.

«Mama Kanyere, wasingya,» akasalimia na haraka. «Uko na karatasi zangu.»

«Zilikwisha, Prof.»

«Zote? Page makumi tatu na tatu?»

«Zote. Nilizisoma, kisha nikazifungia karanga za kwanza, mbele ya zingine zote. Hata zingine niliwashia makala, haya makaa ya kupikia.»

Prof akainama juu ya meza. «Ulisoma, na ukachoma?»

«Ni juu nilisoma njo nilichoma.» Akaendelea kupima karanga na kikombe. «Nikuulize. Mu 2060, umeme inafika Oicha?»

«Inafika.»

«Ku kila nyumba?»

«Kila nyumba!»

«Sasa mama ya Commandant Kasonia, siku ya feti ya kufungua mashine, anatoka mu pori na kuni ku mugongo, mukanda ku kichwa, anakuya kupikia bageni. Juu ya nini?»

Bamama ya meza za pembeni bakaacha kuuzisha. Prof akajibu mbio: «Mama, ile... ile ni détail, kitu kidogo tu! Ni ya kupamba! Ni kuonyesha kama mama anapenda mutoto yake!»

«Détail?» Kanyere akatoa kitambaa ku kichwa. Pale juu ya paji, nywele hazikuota tena. Kulikuwa njia, upana ya vidole mbili, imelala ndani ya ngozi kutoka sikio mupaka sikio, ile alama ya mukanda ya kubebea. «Détail yako iko hapa. Papa, uliwezaka kupitisha barabara chini ya udongo. Ulikamata radi. Commandant ulimuzaa hata ukapigwa fimbo juu yake. Na miye ukaniacha na kuni miaka yote ile?»

«Kitabu ni yangu! Basoda balinipora, na weye pia unanipora!»

«Basoda balikuwa hapana kusoma, Prof. Miye nilisoma. Kasirani yako upeleke Beni.»

Mama moya akapiga kigelegele. Prof akageuka, akapanda camion, akafunga mulango na nguvu mupaka kioo ikashuka yenyewe.

Alirudia nyumbani kuandika tena ile chapitre. Alikuwa anaijua mu kichwa. Lakini, aliniambia na meno yamefungwa, kila alipofika ku mama ya Kasonia, mashine ya kuandika ilikataa. Akimupatia kuni, anaona ile paji ya Kanyere. Akimuondolea kuni, hajui tena afanye nini na ule mama. Hakumufikiriaka siku moya nje ya kuni. Muezi muzima. Akamutukana Kanyere asubui na mangaribi, Mariette muke yake akachoka: «Josaphat, mulombe basi akuambie!» Akamufokea Mariette pia. Kisha Mariette akaweka kifurushi ya makala juu ya mashine ya kuandika, sawa kusema: leo ujipikie, akaenda kanisani.

Mwishoni banafunzi bakatapa kitabu ku stencil, bakaipitisha mu ronéo, mashine ya kuchapa, ya université, copie makumi munane. Iliishia ku page 309. Chini, Prof aliandika kwa mukono, na bic ilikaribia kutoboa stencil: *Mwisho uko kwa Mama Kanyere, soko ya Kimemi. Musiniulize miye.*

Batu bakaenda. Leo Kanyere anabaambia mwisho huu, kesho ingine, na karanga inauzika. Siku moya mama ya Kasonia alikuwa chef ya train. Siku ingine alikataa kukuya ku feti, juu bageni hawakunawa mikono.

Na siku moya, ninashusha mizigo pale, nikamuona Prof amekaa ku kiti ya mbao nyuma ya meza ya Kanyere, cahier ku magoti, lunettes ku pua, uso sawa ya mutu mwenye anatolewa jino.

«Leo anafanya nini?» akauliza bila kumuangalia.

«Nani?»

«Unajua nani!»

«Aa, yeye.» Kanyere akafunga cornet. «Leo amelala. Umeme inawaka, na amelala mu kati ya muchana. Anangojea bamupikie.»

«Nani atapika? Kuko bageni mia tatu!»

«Kasonia eko na batu elfu mbili, Prof. Bote hawana mikono?»

Akaandika. Aliandika na kasirani, bic inakwaruza, anatikisa kichwa, anasema ni ujinga, haiwezekane, hakuna commandant anapika. Na hakuacha kuandika. Miye nikarudia ku camion. Ku meza ya Kanyere kulikuwa makala ya kukaangia karanga, pembeni ya makala kuni, na Oicha hata leo umeme haijafika.