Esau na Soda ya Harusini

Lambert anasafisha sinagogi moja Dallas. Kila Jumamosi humsikiliza rabi akifafanua sehemu ya Torati ya wiki hiyo, kisha hurudi nyumbani Haltom City na mafunzo ya maisha. Ajabu ni kwamba mafunzo yote huwahusu majirani.

"Leo ni Esau," alimwambia mkewe, Marie-Goretti. "Mtu anamuuzia mdogo wake ukubwa wa kuzaliwa kwa bakuli la dengu. Mjinga yule."

Mkewe aliendelea kuchambua maharagwe. Lambert hasemi na mdogo wake, Thaddée wa Garland, tangu harusi ambapo Thaddée alipewa soda kabla yake yeye mkubwa. Sasa Diane, binti wa Lambert, anaposwa, na msemaji wa ukoo katika posa ni Thaddée, hakuna mwingine.

"Baba Diane, Esau angalau alishiba. Wewe umemuuza ndugu kwa soda, tena hata hukuinywa."

Lambert alichukua funguo za gari.

Huko Garland, Thaddée alileta chupa mbili za soda, akamfungulia kaka yake kwanza. Lambert alikunywa nusu nzima kabla ya kuitaja posa. Mkubwa hana haraka.