Mbwa Aliyeingia kwa Mlango

Enzi za Mwingereza nilikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja karibu na Korogwe, nikiishi na mbwa aliyenidharau. Msimamizi Mzungu aliporudi kwao alimwacha kambini, naye akachagua mlango wangu, nadhani kwa kukosa ulio bora. Ugali wangu aliunusa kwanza, akaguna, kisha akaula wote. Nyapara akipita anafoka, mbwa alimtupia jicho moja na kurudi kulala. Hapo tu ndipo tulipokubaliana. Mbuzi wote aliwaona wapumbavu, mluzi wangu aliuona kelele, na matembezi ya Jumapili aliyaendea kama mtu aliyeitwa barazani kutoa ushahidi. Nikisimama kupumzika aligeuka kunitazama kwa kero. Nikimwita, ndiyo kwanza alizidi kwenda.

Mwaka huo nilimtaka binti mmoja wa Dindira, kule milimani. Nilimpenda kweli, na hilo silifanyii mzaha. Kwetu mposaji haendi mwenyewe. Humtuma mshenga, yeye akatulia nyumbani kungoja jibu. Nikamtuma mzee mmoja mwenye ulimi laini. Kisha mimi, bingwa wa ujinga, nikamfunga mbwa kamba mlangoni na kumfuata mshenga kwa nyuma, nikasikilize mwenyewe.

Nilijibanza migombani, kando ya uwanja wao. Mshenga alikuwa ameshaanza kunisifu mbele ya baba wa binti.

"Kijana wetu, mzee mwenzangu, hanywi pombe, hachezi kamari, wala hafugi mbwa."

Hilo la mwisho nilimwomba mimi aliseme, maana nyumba ile ilikuwa ya swala tano.

Ndipo mbwa alipoingia kwa mlango wa uani, kipande cha kamba kikining'inia shingoni. Akatumbukiza mdomo kwenye kopo la mwenye nyumba la kutawadhia, akanywa bila haraka, kisha akaja moja kwa moja migombani na kuketi mbele yangu. Wote wawili wakageuka.

Nikatoka. "Shikamoo, mzee."

Marahaba sikuipata. Baba wa binti alinipa lile kopo nilioshe mara saba, moja kwa udongo, huku mshenga akikagua vidole vyake vya miguu. Nilipomaliza akalipokea.

"Mbwa sina ugomvi naye," alisema. "Ana kiu, kaingia kwa mlango. Wewe unamtaka binti yangu, ukaingilia migombani. Haya, nenda."

Binti aliolewa na mwingine kabla ya vuli. Niliumia, na siku ile ya kopo, njia nzima ya kuteremka, nilimtukana mbwa. Miaka yote iliyofuata, kila aliyeniuliza nilimwambia mbwa ndiye aliyenikosesha mke. Watu walicheka, wakaniamini, na mbwa, ambaye peke yake siku ile hakumdanganya mtu, hakuwa na wa kumsemea.