Kapu la Samaki wa Baba

Juzi sokoni Suna, harufu ya samaki wa kukaushwa ilinirudisha stesheni ya Kisumu nikiwa mdogo. Mimi na mama tulikuwa tumetoka Homa Bay kwa meli, tupande treni kumfuata baba Nairobi. Sanduku na godoro vilikuwa vimeshaingia ndani firimbi ilipolia na watu wakaanza kusukumana mlangoni. Mama alitua kapu la samaki chini, akaninyanyua, tukapanda. Treni ikaondoka.

"Mama, umesahau samaki wa baba," nililia.

"Sijasahau, nyathina, mwanangu," alisema, akinikumbatia.

Hakuniachilia mpaka Muhoroni. Nilidhani anamwogopa baba. Sasa nimelea watoto wangu, najua alichoogopa kupoteza.

Tulipofika, nilimshtaki mama kwa baba. Baba alimtazama mama, akanibeba begani.

"Samaki wamejaa ziwani," akasema.