Kanuni Nilizozitenga na Kiunzi

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili niliajiriwa na kampuni moja ya Moshi iliyopandisha watalii mlimani, nitengeneze tovuti yake. Tulikuwa wawili. Mwenzangu, kaka mmoja wa Machame aliyesomea Nairobi, alishika ugawaji wa wapagazi, na mimi nikashika maombi ya safari. Sote tulijenga juu ya kiunzi kimoja, yaani programu ya watu wa ng'ambo inayobeba kazi za kawaida za tovuti ili usianze kila kitu upya.

Kiunzi ni cha wenyewe, na wenyewe hubadili mawazo. Kwa hiyo kanuni zetu, kama vile nani apande njia ipi na msimu upi una bei gani, niliziandika kwenye mafaili ya pembeni ambayo hayakukitegemea kiunzi hata kidogo. Mwenzangu alizichanganya za kwake ndani ya kiunzi chenyewe.

"Dada, unafanya kazi moja mara mbili," alinicheka mbele ya wahasibu. "Kwenu migomba ya kupalilia imeisha?"

Basi kampuni ya ng'ambo iliyotutunzia tovuti kwenye mitambo yake ikaweka toleo jipya la kiunzi bila kutuuliza. Jumatatu asubuhi tovuti yote ilikuwa imezimika. Wageni walisimama mvuani kwenye lango la hifadhi, hakuna mpagazi aliyepangwa.

Bosi alimtoa mwenzangu nje, uani, wapagazi wakiwa wamekusanyika.

"Huyu ndiye msomi wetu. Mpigieni makofi."

Wakapiga.

"Sasa waambie: mimi ni mjinga."

Alisema. Akaambiwa arudie kwa sauti, akarudia. Mpagazi mmoja, mtu mzima wa umri wa baba yake, alicheka mpaka akafuta machozi.

Upande wangu, nilichoandika upya ni ile sehemu nyembamba tu iliyounganisha mafaili yangu na kiunzi. Mchana maombi yalikuwa yanaingia. Bosi aliniita ofisini, akanipa soda.

"Kwa hiyo hata mtu mwingine angeweza kuihamisha kazi yako?"

"Yeyote anayeelewa programu, bosi. Ndiyo sababu niliitenga."

"Safi sana," alisema. Nilitoka nikijiona nimepanda cheo.

Wiki iliyofuata nilimkuta mpwa wake amekaa kwenye kiti changu, mafaili yangu yamefunguliwa mbele yake.

"Ulisema mwenyewe yeyote anaweza," bosi alisema bila kuinua macho.

"Na kaka je?"

"Yule nitamfukuzaje? Ule uchafu alioukoroga nani mwingine ataufumbua?"

Nilirudi Rombo kwa mama, nikachuma naye kahawa msimu mzima. Aliniuliza mara moja tu nilikosea nini. Nilipomwambia sikukosea, alinitazama kama mtu anayedanganywa.

Baadaye nilipata kazi Arusha. Kanuni bado naziandika pembeni, sijui njia nyingine.

Mwenzangu nilikutana naye Majengo, kule Moshi, amekonda. Aliniambia bosi alimpigia simu ya tovuti kuharibika kwenye mazishi ya baba yake, akalazimika kuondoka kaburi halijafukiwa. Na uani bado wanamwita Mjinga, hata wapagazi wapya wasiojua jina lake.

"Si uache?" nilimwuliza.

"Niende wapi, dada? Moshi nzima walisikia."