Mshono wa Mgongoni

Doris alikuwa fundi wa vifaa vya mlimani. Katika kibanda chake Moshi mjini alishona mahema yaliyochanika na kuziba makoti ya mvua ya wapagazi wa Marangu. Nguo ya kuzamia majini hakuwahi kuigusa, mpaka Antoni alipomletea mbili, zote za mtumba.

Antoni, mzaliwa wa Mwika, alikuwa mzamiaji wa watafiti waliofunga vipimo vyao chini ya maji katika Ziwa Chala.

"Mama Lucky, nisaidie kuchagua," alimwambia Doris. "Jumamosi nazama."

Doris akamwambia azivae zote mbili. Ya kwanza ilikuwa nene, kama mpya, lakini mgongoni ilipwaya hata Doris akaweza kuikamata konzi nzima. Antoni akamweleza kuwa nguo za aina ile hazizuii maji yote. Huyaruhusu machache yaingie, mwili ukayapasha joto, nayo yakakaa palepale.

"Basi hii itakuwa mfereji," Doris akasema. "Yataingia shingoni yatokee miguuni."

Ya pili ilimkaa sawasawa, ila mshono wa mgongoni ulikuwa umefumuka kiasi cha shibiri mbili.

"Chukua hii. Mshono niachie mimi."

Aliupaka gundi, akaupitishia sindano taratibu. Ijumaa mchana Antoni akaichukua, ile nene akamwachia Doris aikate viraka. Doris akakata vipande viwili, akavigandisha kwa gundi ileile, akavitia kwenye beseni la maji ili aone vitakavyokuwa.

Jumamosi asubuhi, alipovishika tu, vikaachana. Akageuza kopo la gundi. Lilikuwa la soli za viatu. La mahema lilikuwa pembeni yake, halijafunguliwa.

Akapiga simu. Haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Ziwa liko chini kwenye shimo, mtandao haufiki. Akakumbuka maneno ya Antoni, kwamba baridi ikimwingia mzamiaji vidole hufa ganzi na akili huwa nzito, mpaka anasahau kuangalia hewa iliyobaki kwenye mtungi. Na nguo ile ni yeye Doris aliyemwambia aichukue.

Hakunywa chai. Alifunga kibanda, akapanda basi mpaka Himo, na pale akachukua pikipiki.

"Kaka, kimbiza."

"Kuna mgonjwa, mama?"

Doris akapanda nyuma, akamwelekeza Chala.

Njia ya kushukia ziwani ilikuwa na mteremko mkali. Aliteleza mara mbili, akachubuka kiganja. Ukingoni alikuwepo mzee mmoja tu, Hosea, ameshika kamba iliyozama majini.

"Shikamoo, mzee. Antoni yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko chini na mwenzake, Rachel. Robo saa sasa."

"Mwite apande! Mshono nilioushona hautashika."

Hosea hapo hapo akaishika kamba kwa mikono miwili. Akaivuta mara nne, ishara ya kuwaita juu. Wakangoja. Kamba ikalala kimya. Akavuta tena mara nne, na safari hii ikajibu, lakini kwa ulegevu, kama mtu anayevuta usingizini.

"Mbona hawatoki?"

"Hawawezi kupanda mbio, mama. Lazima wasimame njiani, la sivyo wataumia."

Doris alikodolea macho mapovu yaliyokuwa yakipasuka juu ya maji. Yalipopungua alishika kiuno. Yalipozidi aliomba Mungu, bila kujua kama kuzidi ni heri au shari.

Rachel alitokeza kwanza, amemkamata Antoni mkono. Midomo ya Antoni ilikuwa ya kijivu, meno yakigongana. Mgongoni nguo ilikuwa imeachia kutoka mabegani hadi kiunoni, imebaki kushikwa na nyuzi za sindano tu.

Doris alimsaidia Rachel kumfunika blanketi. "Ni gundi yangu," akasema. "Nilikosea kopo. Nimejua leo asubuhi."

"Na sisi tuko chini!" Rachel akafoka. "Ungepiga simu."

"Nilipiga."

Antoni alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili na bado ikamwagika. Alipokunywa mafunda machache akasema.

"Nilikuwa nasoma namba za kipimo. Nikazisoma mara tatu na sikuzielewa. Sikujua kuwa ni baridi. Nilidhani kipimo kimeharibika." Akamtazama Doris. "Ndipo kamba ikavutwa."

Hakumshukuru, wala hakumlaumu. Wiki iliyofuata alimletea nguo ileile.

Doris alikwangua gundi yote ya zamani, akapaka ile inayostahili, na hakumrudishia mpaka ilipolala majini siku tatu bila kuachia. Alimwonya asiikunje wala kuianika juani, bali aisuuze, aigeuze ndani nje na kuitundika kivulini.

Mshono umeshika hadi leo. Hata hivyo, kila Antoni akienda Chala, Doris hushona huku simu iko mapajani, na siku hizo wateja humwona amekosea hata kushona kifungo.